Bomba la Gobore

"Mikono yako imetulia kuliko yangu," mjomba alimwambia Sharifa, akamwekea bomba la chuma mapajani. "Madirisha umeshayaweza. Sasa nitengenezee gobore."

Tangu aanze kujifunza kuchomelea katika karakana ya mjomba, mtaani Chuno, Sharifa hakuwahi kusifiwa. Aliliinua bomba, akachungulia ndani. Lilikuwa limenyooka, kutu yote imesuguliwa. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha.

"La kufukuzia nguruwe pori shambani kwa mama?"

"Hilo la kwanza, ndiyo. Ukiliweza, kuna wageni wanataka mengi. Watayavusha Ruvuma."

Sharifa aliwajua watu waliovuka mto ule kuja huku, wakikimbia vijiji vilivyochomwa moto. Mmoja wao, bibi asiyesema neno, alikuwa akilala naye chumba kimoja.

"Usiogope, mwanangu. Utaweza," mjomba alisema kwa upole, akimpapasa bega.

Sharifa alivaa miwani, akawasha mashine ya kukatia vyuma, akaielekeza katikati ya bomba ili lisifae tena kwa gobore lolote. Cheche ziliruka mpaka mlangoni.

Bomba lilipodondoka vipande viwili, mjomba hakupiga kelele. Alichomoa waya wa umeme, akaenda kufunga geti kwa ndani.