Godoro la Kwenye Kona

Kwa siku tatu nilihangaika kutenganisha sauti ya gitaa la besi na ya ngoma ya mguu katika wimbo wangu, kwenye studio yangu ya chumbani. Mchana ule, hatimaye, kila moja ilisikika wazi. Godoro nililoliegemeza kwenye kona ndilo lililotuliza mvumo.

Mama akaingia bila hodi. "Nalitaka godoro."

"Likitoka, Mama, kazi yote inavurugika."

"Dada yako amerudi nyumbani. Na watoto wote."

Dada alikuwa nyuma yake, mkanda wa begi umemzamia begani. Alisikiliza kidogo.

"Hiyo besi kapiga shemeji yako?"

"Ndiyo."

"Iache tu humo. Wimbo ni wako."

Nikaizima besi. Ngoma ikabaki ikidunda peke yake, nami nikalibeba godoro.