Randa ya Marehemu

Drili ilikuwa imelazwa juu ya foronya nyeupe, ile ya wageni, na wanaume watatu walikuwa wameizunguka kimya kama watu wanaoaga maiti.

"Ya Mjerumani hii," Mwinshehe alisema mwishowe. "Inatoboa hata mwamba."

Nyumbani kwa Mwinshehe hakukuwa na umeme. Wenzake walikuwa na adabu zao, hawakulitaja hilo.

Leonia aliweka birika la chai huku akiizuia meza kwa goti isiyumbe. Mlango wa jikoni nao ulining'inia kwa bawaba moja tangu alipoolewa. Siku alipothubutu kumwomba mumewe autengeneze, Telesphory alimtazama kwa huruma. "Leonia, hivi ni vifaa. Havichezewi kwenye milango."

Kila Jumapili alasiri walikutana hapo Gungu kuonyeshana walichonunua: Telesphory mwenye nyumba, karani wa bandarini; Mwinshehe, mwenye duka la vitenge Mwanga; na Mwalimu Adolf. Wakimbizi walikuwa wakiingia kila wiki, na mafundi miongoni mwao waliuza vifaa ili wapate kula. Ndivyo watu watatu ambao hawajawahi kupigilia msumari walivyojipatia misumeno, patasi na jiriwa za kutosha kujenga mji.

Adolf alikuwa amekuja na tupa mpya, bado imo kwenye karatasi yake. "Siifungui," alisema. "Itashika kutu."

Telesphory aliwaacha wamalize. Kisha akatoa randa ya mbao, nyeusi, laini kama kokoto la ziwani, ubavuni imechongwa 1941.

"Nimeitoa kwa Mrundi mmoja, Bukeyeneza. Ya marehemu baba yake. Jamaa alilia pale sokoni, kamasi mpaka kidevuni. Iya data, iya data, ya baba yangu. Nikamwambia, ndugu, kulia hakupandishi bei."

Wakacheka.

"Alilia sana?" Mwinshehe aliuliza kwa wivu. Mkongo aliyemuuzia drili aliondoka akipiga mluzi.

"Watu walisimama kutazama, bwana."

Leonia hakucheka. Kijijini kwao Mwamgongo, baba yake alipofariki aliacha kasia moja, na mama yake hajaruhusu mtu aliguse mpaka leo.

Jumatatu, mumewe alipotoka kwenda kazini, aliivuta randa kutoka kwenye sanduku chini ya kitanda, akaifunga ndani ya kanga, akashika njia ya Ujiji, walikopanga wakimbizi wengi. Leonia, ambaye hata kuuliza bei ya nyanya humtoa jasho, aliuliza mlango kwa mlango hadi akaonyeshwa anakokaa Bukeyeneza.

Bukeyeneza alitoka nje, akaufunga mlango nyuma yake. Uani nyundo ilikuwa ikigonga polepole, ko, ko, ko.

"Ni jirani huyo anayegonga," alisema, ingawa Leonia hakuwa ameuliza.

"Chukua, kaka. Ni ya mzee wako. Usimwambie mtu."

Bukeyeneza aliitazama randa, akamtazama Leonia, akaitazama randa tena. Kwa kitambo alionekana kama mtu asiyejua afanye nini. Kisha machozi yakaja, mengi, na mazuri.

"Imana iguhe umugisha, mama. Mungu akubariki."

Leonia alirudi nyumbani akijiona mwepesi. Kanga ilikuwa imeingia weusi kama wa masizi, unaonuka mawese, na sabuni haikuutoa. Leonia hakujali. Alijua ni jasho la yule mzee, la miaka yote ile ya kazi.

Wepesi huo ulikwisha Jumamosi, kwenye chakula cha mchana.

"Kesho Adolf anakuja na mwalimu mkuu wake," Telesphory alisema huku akichambua miiba ya migebuka. "Mzee mzima anatoka kwake kuja kuiona randa yangu. Asubuhi nitaitoa niifute vumbi."

Leonia alilirudisha tonge sahanini. Mwaka uliopita mdogo wake Telesphory alifungua soda kwa patasi. Alasiri ile ile alipandishwa boti na kifurushi chake, arudi kwao. Na huyo alikuwa damu yake, tumbo moja. Mke, tena aliyeiba randa yenye mwaka wake ubavuni, angebahatika akiruhusiwa kufunga hicho kifurushi. Angemwambia nini mama yake, kwamba ameachwa kwa sababu ya kipande cha mbao?

Telesphory alipopitiwa na usingizi, Leonia alitoka. Njia nzima alikuwa akitafuta maneno. Kumrudishia mtu kitu cha marehemu baba yake, halafu kwenda kukiomba tena kabla wiki haijaisha, ni aibu ambayo hakuwahi kusikia imempata mtu. Lakini labda angeazimwa. Kwa siku moja tu, wageni waione, wanywe chai, waondoke.

Alibisha hodi mbele, hakuna aliyefungua. Alibisha tena. Ile nyundo ilikuwa ikigonga uani, kwa hiyo akazunguka nyuma ya nyumba.

Mzee mwenye mvi alikuwa ameketi juu ya gogo, amebana ubao mapajani, anachonga tarakimu za 1941 kwa nyundo na msumari. Kando yake kulikuwa na kopo la masizi na chupa ya mawese. Mkekani, juani, randa nyeusi zilikuwa zimeanikwa safu kwa safu kama dagaa.

Maneno aliyoyatafuta njia nzima yakamtoka yenyewe, kwa sauti ndogo.

"Shikamoo, Mzee. Namtafuta Bukeyeneza. Ile randa ya marehemu baba yake, naomba aniazime. Mpaka kesho tu."

Mzee hakuinua macho. Aliisukuma kwa mguu ile iliyokuwa karibu.

"Marahaba, mukobwa wanje, binti yangu. Chukua hiyo, imeshakauka. Mwanangu atachelewa kurudi. Yuko sokoni Mwanga, analia."