Msumeno wa Banda la Bi Mgeni

Kwenye banda la gemu la Bi Mgeni sheria ilikuwa moja: ukifa mchezoni, unaachia pedi ya kuchezea. Na wote walikuwa wanafia palepale, kwenye msumeno. Ni gurudumu la chuma lenye meno, linakwenda na kurudi juu ya reli. Walishaurushia moto, wakaukanyaga, wakaupiga mawe. Hausikii kitu.

"Leo mwisho," alisema Bi Mgeni. "Kesho naweka gemu la mpira. Mmeshindwa na chuma."

Zamu ya mwisho ikamwangukia Chande, ambaye roho ilikuwa inamuuma kuondoka bila kuona kilichoko ng'ambo ya reli. Alipoufikia msumeno, banda zima likaanza: "Piga, piga!" Kidole kikamuwasha. Akakitoa kwenye kitufe.

"Umelala?" aliuliza Mahimbo, jirani yake kwenye benchi. "Lete pedi, wenye mikono wacheze."

"Tulia, we. Nauangalia kwanza."

Kulikuwa na kishimo chini ya reli, ambacho kila siku walikiruka wakikimbilia ugomvi. Chande akamtumbukiza mtu wake wa gemu humo, akatulia. Msumeno ukaja ukinguruma, ukapita juu ya kichwa chake, ukaenda zake. Wala haukuwa na shida na mtu.

Akamtoa kishimoni, akapita.

Kwenye kioo cha runinga kikatokea kilima cha kijani chenye njia nyeupe, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupaona. Mahimbo akamshika Chande bega.

"Usikimbie, kaka," alinong'ona. "Tembea tu, tuone."