Kosa Moja la Mashine

Mashine ilipata maswali yote isipokuwa moja, na hilo moja ndilo lililomfanya mkaguzi asukume kiti nyuma kwa hasira.

Kazi yake ilikuwa kuipa mashine mitihani. Anaionyesha video yenye picha na sauti, nayo iseme: huyu ni mtu kweli, au ametengenezwa na mashine nyingine? Halafu ieleze imejuaje. Pale ofisini walimwita Bi Jicho, kwa kuwa hakuna video ya bandia iliyowahi kumpita.

Video iliyokosewa ilikuwa yake mwenyewe. Mchumba wake wa zamani, aliyekuwa amekwenda kufanya kazi mgodini, analia mbele ya kamera na kumwambia asimsubiri tena. Aliichanganya na nyingine kwenye mtihani, akaiwekea jibu: mtu kweli. Iliuma kuitoa, lakini maishani mwake hakuwa ameona kitu cha kweli kuliko uchungu ule.

Mashine zote zilizotangulia zilikubali. Hii mpya ikajibu: ya kutengenezwa.

"Mjinga wewe," aliiambia skrini.

Akasoma maelezo. Mwanamume anameza mate, lakini koo haliendi. Dirisha liko kulia kwake, lakini mng'ao wa machoni unatoka kushoto.

Akaitazama upya. Kweli, koo halikwenda. Alikuwa ameitazama mara zisizo na idadi, ila kila mara machozi yake mwenyewe yalimziba macho.

Akamwita dada yake, mkuu wa kitengo, aliyeanza kazi hii enzi ambazo mashine haikujua hata mkono wa mtu una vidole vingapi. Siku hizo kila mfanyakazi alileta jamaa zake wakae mbele ya kamera, wacheke, wanune, wasome sentensi, ili mashine ijifunze sura na sauti. Dada alimleta mkaguzi. Mchumba naye alikuja, akawavunja watu mbavu kwa kushindwa kununa.

Dada alitazama, akashusha pumzi. "Ifute tu, mdogo wangu. Inatushushia alama bure."

"Na kama mashine imepatia, dada?"

"Basi Kesho-Kesho alikuwa mwoga kuliko tulivyodhani." Ndivyo alivyomwita, maana kila alipoulizwa siku ya harusi alijibu kesho. "Mwanamume gani anashindwa hata kulia mwenyewe? Achana naye. Yaliyopita si ndwele."

Akamkumbatia, kama alivyomkumbatia siku aliyomletea video ile, akisema jamaa ameona haya kumtumia mwenyewe. Ni dada aliyempa bega la kulilia. Ni dada aliyembadilishia laini ya simu, kisha akamtafutia kazi hii ili asishinde nyumbani akihesabu mbao za dari.

Mkaguzi alirudi kitini, akashindwa kufuta. Kuachwa alikwisha kuzoea. Lakini kuachwa na mashine! Miaka yote hiyo amewakataa wanaume wazima kwa ajili ya machozi yale, akiamini kwamba anayelia vile alipenda kweli. Kumbe hata chozi moja hakumtolea. Na aibu juu ya hasira: yeye, Bi Jicho, kuchezewa shere na kazi ya kulipualipua namna ile.

Mchana, wenzake walipokwenda kula, alitoka hadi kwenye ngazi akapiga namba ambayo vidole vyake havikuwahi kuisahau. Ikaita. Ikapokewa. Hakungoja salamu.

"Nijibu moja tu. Ulishindwa hata kunililia kwa macho yako mwenyewe?"

Upande wa pili zilisikika kelele za mitambo, kisha mlango ukafungwa na kelele zikafifia. Sauti iliyojibu ilikuwa ileile, imezeeka kidogo.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Nijibu."

"Nikujibu nini? Mimi nililia nilipoiona yako."

"Yangu ipi?"

"Video ya kuniaga, aliyonitumia dada yako," alisema taratibu. "Bado ninayo. Ulilia sana siku ile."