Duara la Njano

Kwenye kioo cha kamera, jicho la bata bukini lilizungukwa na duara la njano.

"Ndiye, mzee," Bertila, mtafiti wa ndege, alisema kwa Kichina, kabla hajapiga picha ya pili.

Bata bukini wa paji jeupe wako wa aina mbili. Mkubwa ni wa kawaida, hana duara. Mdogo analo, naye ni adimu. Akithibitishwa hata mmoja kwenye bwawa hili la Nansha, kusini mwa Guangzhou, bwawa halitafukiwa kupisha ujenzi.

Mzee Liang, mwenye bwawa, alikuwa ameshampigia mkewe. "Acha kufunga mizigo! Yule Mwafrika wangu amemwona! Sasa unalia nini, bibi wewe?"

Bertila alirudisha jicho kwenye kamera. Ndege alizamisha kichwa majini, akakiinua, akakikung'uta. Tope la njano lilikuwa limetoka. Kuzunguka jicho palibaki manyoya ya kahawia.

Alipiga picha kumi na moja. Zote zilionyesha ndege wa kawaida.

"Haniamini," mzee alisema, akimnyooshea simu. "Mwambie wewe, binti."

Bertila aliipokea. Mwanamke alikuwa akicheka huku akilia, akiuliza kama ni kweli.