Boksi Lenye Tundu

Kila alasiri Mzee Kalinga aliegesha gari lake mbele ya karakana ya Zuberi, fundi wa muziki wa magari, akavuta kigoda, na ubishi wao wa boksi la spika ukaanza. Lililozibwa hutoa besi fupi, safi. Lenye tundu hunguruma vizuri, ila linakula buti lote. Zuberi alimchorea kwa penseli kwenye kipande cha mbao, mzee akakubali, kisha kesho yake akarudi amebadili mawazo.

Leo alikuta boksi limeshakamilika, limevishwa zulia jeusi.

"Nimekuamulia, mzee wangu!" Zuberi alicheka. "Lenye tundu. Miezi miwili unanizungusha! Ungekuwa unachumbia, binti angeshaolewa kwingine."

Alilifunga ndani ya buti, akawasha muziki. Mzee aliweka kiganja kwenye tundu. Kila besi ilipopiga, upepo ulimpuliza vidoleni, kama mtu anayepumua karibu yake. Hakuuondoa mkono hadi wimbo ulipokwisha.

"Haya, funguo hizi. Nenda kafaidi," Zuberi alisema, akaanza kufagia vumbi la mbao. "Na mimi kesho nipumzike kidogo."

Mzee alizipokea. Alifungua mlango wa gari, akasimama, kisha akaufunga tena bila kuingia.

"Vipi, halijakupendeza?"

"Ni zuri sana." Alikuwa akiutazama mlango, si fundi. "Lakini mimi muziki wala sisikilizi, mwanangu. Nilikuwa nakuja tuongee."