Vitambaa vya Makochi

Bi Tunu aliporudi kutoka sokoni alikuta makochi yake yako uchi. Vitambaa vyeupe alivyovifuma mwenyewe mwaka mzima havikuwepo. Alivikuta chumbani, vimetiwa rangi ya kijani cha bahari na kuunganishwa kuwa blauzi. Binti yake Salha alikuwa ameivaa, nywele nazo kijani, akicheza polepole mbele ya simu.

"Salha! Umenifanyia nini?"

"Nisamehe, mama. Ndivyo tunavyovaa."

"Mnavyovaa na nani? Mtaa mzima ni wewe tu!"

Salha akamgeuzia simu. Vijana wa miji ya mbali, wote wamevaa kijani, walikuwa wakicheza muziki uleule. Chini ya picha ya Salha waliuliza jambo moja: nani kafuma?

"Umewajibuje?"

"Nimesema mama yangu."

Bi Tunu aliweka kikapu cha sokoni chini. Kisha akamzungusha binti yake, akakagua mshono. "Bega hili umelipinda. Vua nikurekebishie."

Jioni alikuja jirani, akashangaa makochi.

"Vitambaa vimekwenda wapi?"

"Vimesafiri," alisema Bi Tunu, uzi wa kijani ukimpita vidoleni, mguu wake ukifuata muziki uliotoka chumbani.